Pikipiki ya cc 650 huvuka mpaka kwa raha, spea zake hukwama

Neno boda boda lilizaliwa mpakani. Wapanda baiskeli wa Busia walikuwa wakiwavusha wasafiri na mizigo kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda, wakiita abiria kwa jina la mpaka wenyewe. Baiskeli zikawa pikipiki, pikipiki zikaenea ukanda mzima, na leo ni vigumu kupata mji, kuanzia Mombasa hadi Bukavu, usiokuwa na kijiwe chake cha pikipiki za cc 100, 125 au 150.

Sasa pikipiki ya aina nyingine inaonekana kwenye mipaka hiyo hiyo. Ni ile ya kati: injini ya cc 600 hadi 700, kioo cha kukinga upepo, umbo la mashindano lakini kiti cha kukalika. Jumamosi alfajiri huzikuta zikitoka Nairobi kuelekea Namanga, au zikitoka Kampala kuelekea Masaka na milima ya Kabale. Wenye nazo si matajiri wote. Wengi ni watu wa mshahara waliodunduliza miaka kadhaa, au waliochukua mkopo wa chama cha akiba na kuwaeleza wake na waume zao kwamba hiki si kichaa, ni chombo cha usafiri.

Je, ni chombo cha usafiri kweli? Jibu ni ndiyo. Kwa mtu wa Afrika Mashariki anayetaka pikipiki moja tu kubwa, ya kwenda nayo kazini Jumatatu na kuvuka nayo mpaka mwisho wa mwezi, hiyo ya kati ni chaguo la busara kuliko ndugu zake wenye kasi zaidi. Lakini busara hiyo ina bei tatu: ya mwili, ya mfuko na ya mpaka. Mbili za kwanza ni juu ya mnunuzi. Ya tatu ni juu ya serikali, na hiyo inawagusa watu wengi kuliko wachache wenye pikipiki kubwa.

Mashine ya katikati

Mfano unaojulikana zaidi ni Kawasaki Ninja 650. Injini yake ya silinda 2 ina cc 649 na hutoa nguvu farasi zisizofika 70. Ikiwa na mafuta na oili, uzito wake ni karibu kilo 193. Kiti kiko sentimita 79 kutoka ardhini, kwa hiyo mtu wa kimo cha kawaida hukanyaga chini bila shida anaposimama kwenye taa. Honda nayo ina CBR650R, iliyochukua nafasi ya CBR650F mwaka 2019. Hiyo ina silinda 4, sauti nyororo zaidi, na uzito unaopita kilo 200.

Weka pembeni yake Yamaha R6, ambayo vijana wengi huiweka picha yake kwenye simu. Mtu akisikia cc 599 na cc 649 hudhani hizi ni pacha. Si kweli. R6 ina nguvu farasi zaidi ya 110, lakini nguvu hiyo hukaa juu kabisa, injini inapozunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Usukani wake uko chini, miguu imekunjwa nyuma, na uzito wa kifua hubebwa na viganja. Kwenye uwanja wa mashindano hayo yote yana maana. Kwenye foleni ya Jinja Road saa kumi na moja jioni, ni adhabu.

Pikipiki ya kati imeundwa kwa hesabu tofauti. Usukani umeinuliwa, mgongo unainama kidogo tu, na injini huvuta vizuri katika mizunguko ya kati ambako mtu huwa muda mwingi. Haiendi kasi kama R6, haibebi mizigo kama pikipiki ndefu za safari, na haipiti kwenye tope kama zile za matairi yenye meno. Inajua kidogo cha kila kitu, na kwa mtu anayeweza kumudu pikipiki moja tu, kidogo cha kila kitu ndicho anachohitaji.

Hata hivyo, namba ya cc peke yake isimdanganye mnunuzi. Yamaha R7 ya mwaka 2021 ina injini ya silinda 2 ya cc 689 yenye tabia ya upole, lakini usukani wake uliwekwa chini kama wa mashindano. Karatasi inasema ni ya kati, ila viganja vinasema vingine. Ndiyo maana kabla ya kulipa chochote mnunuzi anapaswa kuipanda pikipiki ikiwa imesimama, akae juu yake dakika 20, na asikilize mabega, viganja na magoti. Dakika hizo 20 zitamwambia mengi kuliko video 100.

Faida inayoonekana barabarani

Nairobi hadi Kampala ni takriban kilomita 650. Njia hiyo hupita Naivasha na Nakuru, hupanda baridi ya Timboroa iliyo juu ya mita 2,500, kisha huteremka Eldoret na kufika Malaba. Njiani kuna malori ya mafuta na makontena yanayopanda mlima kwa mwendo wa konokono, na nyuma yake msururu wa magari yenye haraka.

Mwenye Boxer ya cc 150 anaweza kuifanya safari hiyo, na wako wanaoifanya. Lakini muda wote injini yake inafanya kazi karibu na kikomo. Akitaka kulipita lori, hukaa upande wa magari yanayokuja kwa sekunde nyingi, akiomba Mungu kwenye kona. Mwenye 650 hulipita lori hilo hilo kwa muda mfupi na kurudi upande wake. Nguvu ya akiba ikitumiwa kwa kazi hiyo ni usalama. Ikitumiwa kwa kazi nyingine ni jambo jingine, na litaguswa hapa chini.

Mwinuko nao una habari yake. Injini isiyo na kisukuma hewa hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Timboroa, kupanda mlima huwa ni injini ndogo ikilia. Pikipiki ya kati nayo hupungukiwa, ila inabaki na cha kutosha, na mfumo wake wa kunyunyiza mafuta kwa kompyuta hujirekebisha bila fundi kufungua kabureta.

Kuna pia upepo. Nyanda za Athi, na barabara ya kutoka Namanga kwenda Longido, huwa na upepo wa ubavuni unaochosha shingo. Kioo na plastiki za mbele hupunguza mzigo huo kifuani. Mtu anayeshuka akiwa hajachoka huona ng'ombe barabarani mapema kuliko mtu aliyekuwa akipambana na upepo saa tatu mfululizo.

Bei ya mwili na mfuko

Upande wa pili wa mizani unaanza chini ya injini. Ninja 650 ina nafasi ya sentimita 13 tu kati ya tumbo lake na ardhi. Hiyo ilitosha kwa barabara za Japan na Ulaya. Kwa matuta ya vijijini, hasa yale yaliyojengwa usiku na wananchi waliochoka kugongewa watoto, haitoshi. Mabomba ya moshi yako chini kabisa na ndiyo yanayokwaruzwa kwanza. Shokapu nazo zina mwendo mfupi, hivyo shimo ambalo boda hulimeza, 650 hulipeleka moja kwa moja kwenye uti wa mgongo.

Kisha kuna barabara ya vumbi. Kilomita 5 za changarawe kwenda kwa wazazi hupitika, taratibu na kwa moyo mkunjufu. Kilomita 50 ni kosa. Anayejua kwamba nyumbani kwao, shambani kwake au kituo chake cha kazi kiko mwisho wa barabara ya aina hiyo anunue pikipiki nyingine, ndefu na yenye shokapu laini, hata kama haina sura ya mashindano. Mtu hununua chombo kwa safari anazozifanya, si kwa zile anazoziota.

Mwenzi wa nyuma naye ana haki ya kusikilizwa. Kiti cha abiria kwenye pikipiki hizi ni kifupi, kiko juu, na hakina pa kushika pa maana. Mke au mume atakubali safari ya kwanza kwa mapenzi. Ya pili ataiuliza maswali. Na mzigo? Hakuna kichanja cha kufungia gunia la viazi. Kuna begi la juu ya tangi, begi la nyuma, na kamba.

Mjini, joto la rejeta hutoka kupitia kwenye mapaja. Dar es Salaam mwezi Februari, kwenye foleni, hilo si jambo dogo. Na plastiki zile zile zinazokata upepo barabarani ndizo zinazoitoza pikipiki faini ya kuanguka ikiwa imesimama. Boda ikilala chini huinuliwa, usukani unanyooshwa, safari inaendelea. 650 ikilala chini kwenye maegesho kwa sababu standi ilizama kwenye mchanga, ubavu mzima umepasuka, na bei ya ubavu huo inaweza kulipa kodi ya nyumba.

Mafuta nayo yahesabiwe kwa ukweli. Kwa mwendo wa kiungwana, 650 hwenda kilomita 20 na kitu kwa lita moja. Tangi la lita 15 humfikisha mtu kama kilomita 300 kabla hajaanza kutafuta kituo. Boxer huenda kilomita 50 au zaidi kwa lita hiyo hiyo. Kutoka Nairobi hadi Kampala, wa kwanza atamwaga lita zaidi ya 30, wa pili kama 13. Ikilinganishwa na gari dogo, 650 si mlafi. Ikilinganishwa na boda, ni mlafi wa wazi.

Kinachouma zaidi ni tairi. Boda na Ninja zote zina ringi za inchi 17, na hapo ndipo undugu unapoishia. Tairi la nyuma la boda ni la ukubwa wa 3.00, lina tyubu, linauzwa kila duka la vipuri, na fundi wa pancha huliziba chini ya mwembe. Tairi la nyuma la 650 ni la upana wa milimita 160, halina tyubu, na kwa matumizi ya safari mara nyingi huisha kati ya kilomita 8,000 na 12,000. Anayesafiri sana atanunua tairi hilo kila mwaka, na katika miji mingi ya ukanda huu hatalikuta dukani. Ataliagiza. Ongeza cheni inayotaka kupakwa mafuta kila baada ya kilomita 600 hivi, pedi za breki, chujio la oili, na helmeti yenye alama halali ya ubora badala ya ile ya ganda la yai inayouzwa pembeni mwa barabara. Bei ya kununua ni mlango tu, nyumba iko ndani.

Upole unaodanganya

Kuna hatari moja isiyozungumzwa dukani. Kwa sababu pikipiki hii ni ya starehe, mwendeshaji hajui anakwenda kasi gani. R6 humkumbusha kwa maumivu. Boda humkumbusha kwa kutetemeka. 650 ya kati hufika kilomita 120 kwa saa ikiwa imetulia kama mtu anayesoma gazeti.

Hesabu ya mwendo haina utulivu huo. Kwa kilomita 100 kwa saa, pikipiki hupita karibu mita 28 kila sekunde. Mwendeshaji akichukua sekunde 1 kuona na kushika breki, mita 28 zimekwisha kabla breki haijaanza kazi. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, kutoka 60 hadi 120, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara nne. Mbuzi wa Longido hajui hesabu hiyo. Mtoto anayevuka barabara kutoka shule hapaswi kuijua.

Nchi za Umoja wa Ulaya zililiona jambo hili na kuliwekea ngazi. Tangu Januari 2013, leseni yao ya daraja la A2, inayoanzia umri wa miaka 18, humruhusu mtu kuendesha pikipiki isiyozidi kilowati 35. Akikaa nayo miaka miwili na kufaulu mtihani au mafunzo ya ziada, ndipo hufunguliwa mlango wa pikipiki kubwa zaidi. Watengenezaji huuza 650 zilizopunguzwa nguvu kwa ajili ya ngazi hiyo hiyo.

Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, mtu aliyepimwa juu ya pikipiki ya cc 150 anaweza kuondoka dukani kesho yake akiwa na nguvu farasi mara tano ya alizozijua, kwa leseni ile ile. Hakuna anayevunja sheria. Ni sheria tu ambayo haikuwa na pikipiki hizi akilini ilipoandikwa. Wanunuzi wenye busara hujiwekea ngazi wenyewe: hutafuta mwalimu, hujifunza breki ya ghafla kwenye uwanja mtupu, na hujikataza safari za usiku, kwa sababu mkokoteni usio na taa hauonekani hata kwa taa nzuri. Lakini usalama wa barabara za umma hauwezi kuachwa utegemee busara ya mnunuzi peke yake.

Upande wa barabara nao ni somo. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto. Rwanda, Burundi, Kongo na Sudan Kusini huendesha kulia. Anayevuka Gatuna au daraja la Rusumo hubadilisha upande ndani ya mita chache. Wengi hukumbuka pale mpakani, kwa sababu alama zipo. Husahau kesho yake asubuhi, wakitoka kwenye kituo cha mafuta ambacho hakina gari jingine la kuwakumbusha. Hata taa huwa tatizo: taa iliyoundwa kwa nchi za kushoto huinua mwanga kuelekea ukingo wa kushoto, na ikifika Rwanda mwanga huo humwingia machoni anayekuja mbele. Kipande cha utepe mweusi kwenye kioo cha taa hutibu. Na kamera za mwendo ambazo Wanyarwanda wamezipa jina la Sofia hazimuulizi mtu namba zake ni za nchi gani.

Bei ya mpaka

Tangu 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kutembeleana kwa kitambulisho cha taifa. Hayo ni mafanikio makubwa na watu wanayafurahia. Lakini pikipiki haina kitambulisho. Ikifika forodhani huandikishwa kama chombo kinachoingia kwa muda, hupewa siku zake, na mwenyewe huonyesha kadi ya umiliki, leseni na bima. Aliyenunua kwa mkopo hugundua hapo kwamba kadi ina jina la benki au chama pia, na kwamba alihitaji barua ya idhini. Muda unaotolewa, ada na karatasi zinazotakiwa hutofautiana kati ya nchi na nchi. Vituo vya pamoja vya mpakani, kama Namanga, Malaba, Busia na Rusumo, vimefupisha foleni. Havijafupisha orodha ya karatasi.

Bima inaonyesha kwamba inawezekana. Kadi ya Njano ya COMESA inakubaliwa katika nchi kadhaa za ukanda huu, na Tanzania imo kwenye mpango huo ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Karatasi moja, inayoeleweka na askari wa Arusha na wa Kigali, humlinda mtu wa tatu atakayeumizwa, bila kila mpaka kuuza bima yake. Kama bima iliweza kufanyiwa hivyo tangu miaka ya 1980, kibali cha chombo binafsi kinashindwa na nini?

Lakini mtihani wenyewe unaanza pikipiki inapoharibika. Chukua mfano wa mtu wa Kigali ambaye waya wa klachi umemkatikia, au plastiki ya ubavu imepasuka. Duka la Nairobi linacho kifaa. Nairobi na Kigali ziko katika Jumuiya moja yenye Umoja wa Forodha tangu 2005, na Rwanda imo tangu 2007. Kwa akili ya kawaida, kifaa hicho kingepanda basi usiku na kufika kesho kutwa bila maswali.

Kanuni zinasema vingine. Msamaha wa ushuru ndani ya Jumuiya ni wa bidhaa zenye uasili wa ndani, yaani zilizozalishwa au kusindikwa humu kwa kiwango kinachotakiwa. Hata utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, wenye cheti cha uasili kinachotolewa mpakani kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ni wa bidhaa hizo hizo. Muuza nyanya ananufaika, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Kifaa kilichotengenezwa Thailand au Japan hakipati uasili kwa kukaa rafuni Nairobi, hata kama ushuru wake ulishalipwa Mombasa. Kikivuka, kinaweza kudaiwa upya. Kisha huja kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Kenya ni asilimia 16 na Uganda, Tanzania na Rwanda ni asilimia 18.

Matokeo yake yanajulikana na kila fundi. Ama mwenye pikipiki husubiri kifaa kitoke ng'ambo, ama humpa msafiri wa basi akifiche kwenye begi la nguo. Njia ya kwanza hula wiki. Ya pili humfanya mtu mwaminifu awe mpitisha magendo kwa sababu ya waya wa klachi.

Si anasa ya wachache

Wako watakaosema hili ni lalamiko la wenye nacho. Barabara za vijijini hazipitiki, hospitali hazina dawa, na gazeti linajadili pikipiki za starehe. Pingamizi hilo lina uzito, na kama hoja ingekuwa kupunguziwa kodi pikipiki kubwa, lingetosha kuifunga. Hiyo siyo hoja. Anayetaka starehe ailipie.

Hoja ni kwamba kamba hukatikia pembamba. Soko la vipuri vya pikipiki za kati ni dogo mno katika kila nchi. Hakuna mfanyabiashara wa Bujumbura atakayeweka akiba ya tairi za milimita 160 kwa ajili ya wateja wachache. Lakini wateja wachache wa Bujumbura, wa Kigali, wa Kampala, wa Mwanza na wa Kisumu wakihesabiwa pamoja ni soko. Hiyo ndiyo ahadi yenyewe ya Jumuiya: kile ambacho nchi moja haiwezi kukibeba, nchi nane zikibebe. Na mlango unaozuia tairi la 650 ndio unaozuia kifaa cha mashine ya kusaga, cha jokofu la chanjo, cha trekta la ushirika, na cha kompyuta ya shule. Vyote hivyo mara nyingi vina nakala chache katika kila nchi, na vyote huharibika.

Mambo matatu yanawezekana bila mkataba mpya. La kwanza, nchi wanachama zikubaliane orodha moja ya karatasi na muda mmoja wa kukaa kwa vyombo binafsi vya raia wa Jumuiya, na orodha hiyo ibandikwe ukutani katika kila kituo cha mpakani, kwa Kiswahili. La pili, mzigo mdogo wa vipuri ambao ushuru wake wa forodha umeshalipwa katika nchi moja mwanachama uvuke kwa risiti hiyo bila kutozwa ushuru huo mara ya pili, kwa kikomo kile kile cha dola 2,000 ambacho maofisa wameshakizoea. Kila nchi ibaki na kodi yake ya ongezeko la thamani. La tatu, leseni za pikipiki ziwe na ngazi ya nguvu, na ngazi hiyo itambuliwe nchi zote, ili anayepanda 650 awe amepimwa juu ya kitu kinachofanana nayo.

Mnunuzi naye asisubiri serikali. Kabla ya kulipa, aandike kwenye karatasi moja: kilomita anazokwenda kwa mwezi, ngapi ni lami, nani anakaa nyuma, bei ya tairi la nyuma, na jina la fundi aliye karibu anayeijua injini hiyo. Kisha atenge pesa ya tairi moja, helmeti moja nzuri na siku mbili za mafunzo kabla hajatenga pesa ya rangi anayoipenda. Kama baada ya hesabu hiyo bado anaimudu, ainunue bila aibu. Kama haimudu, cc 250 au 300 itamfikisha Namanga vilevile, atavuka na kunywa chai Longido, na pesa ya kurudi itabaki mfukoni.